Kufundisha Historia ya Ubeberu Chuoni Ukiwa Arusha au Moshi: Mwongozo Kamili kwa Mhadhiri

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza akitoka kidato cha sita tayari ana majibu. Muulize kwa nini Ulaya iliitawala Afrika, atakuandikia pointi sita bila kuinua kalamu: malighafi, masoko, mahali pa kuwekeza mitaji, vibarua wa bei rahisi, makazi ya walowezi, heshima ya mataifa. Muulize mawakala wa ukoloni, atakupa wapelelezi, wamisionari na wafanyabiashara, mara nyingi kwa mpangilio huohuo. Hajakosea. Tatizo ni kwamba orodha hiyo haina mtu hata mmoja ndani yake. Hakuna aliyeamua, hakuna aliyelipa, hakuna aliyekataa. Kozi ya chuo ina kazi ya kuwarudisha watu hao kwenye hadithi yao.

Mwongozo huu umepangwa kwa muhula wa wiki kumi na tano hivi, wenye mihadhara na semina moja kila wiki. Nimemfikiria mhadhiri au mkufunzi aliye kwenye chuo cha Makumira, Mwenge, Marangu au Monduli, mwenye darasa kubwa, projekta inayogoma na maktaba yenye nakala mbili za kila kitabu. Ana bahati moja ambayo mwenzake wa London hana: mambo anayoyafundisha yalitokea mwendo wa daladala kutoka darasani kwake.

Hatua ya 1: Pima wanachokijua kabla hujafungua mdomo

Siku ya kwanza gawa nusu karatasi kwa kila mmoja, bila jina. Uliza maswali matatu. Mlima Kilimanjaro uliangukiaje upande wa Wajerumani? Taja Mwafrika mmoja aliyefanya mkataba na wakoloni, useme yeye mwenyewe alikuwa anatafuta nini. Taja nchi moja iliyobanwa na dola kubwa bila kuitwa koloni lake.

Swali la kwanza litakuletea ile hadithi ya Malkia Victoria kumzawadia mjukuu wake mlima. Wanafunzi wa Moshi wanaijua kuliko wote, maana wageni wanaokuja kupanda mlima huiuliza na baadhi ya waongoza watalii huisimulia. Usiisahihishe siku hiyo. Swali la pili litarudi tupu kwa wengi, na la tatu litarudi tupu karibu kwa wote. Zihifadhi karatasi hizo, utazihitaji.

Hatua ya 2: Chagua maswali machache yatakayobaki ubaoni muhula mzima

Mimi hutumia manne. Nani aliamua? Aliamua kwa karatasi gani? Gharama alilipa nani? Nani alikataa, na aliyekubali alikubali akitafuta nini? Kila mada ipite kwenye maswali hayo, iwe ni Hong Kong au Kibosho.

Usijaribu kufundisha dunia nzima. Mtaala unaoanza na Columbus na kuishia utandawazi humfanya mwanafunzi akimbie tu na madesa. Chukua kipindi cha kuanzia miaka ya 1830 hadi uhuru, kisha ukubali kwamba mengine yatasomwa na mwalimu mwingine. Wiki tatu zitoshe kwa Asia na Misri, mbili kwa Berlin na mikataba, tatu kwa Kilimanjaro na Meru, tatu kwa uchumi na vita, mbili kwa udhamini na madai ya uhuru, moja kwa nadharia, na ya mwisho kwa mambo ambayo hadi leo hayajaisha.

Hatua ya 3: Anzia mbali, tena pasipo na bendera

Ukianza na Afrika Mashariki, mwanafunzi atarudi kwenye pointi zake sita ndani ya dakika kumi. Anza na China. Vita vya Afyuni vya mwaka 1839 hadi 1842 viliisha kwa Mkataba wa Nanjing: China ikaikabidhi Uingereza Hong Kong, ikafungua bandari tano kwa biashara na kutakiwa kulipa fidia ya dola milioni 21 za fedha. Hakuna gavana wa Kiingereza aliyekwenda kuitawala Beijing. Waulize: je, huu ni ubeberu? Waache wabishane.

Kisha nenda Misri, na hapa kaa muda wa kutosha, kwa sababu Misri inaonyesha deni linavyofanya kazi. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alikopa Ulaya kwa ajili ya reli, mifereji na fahari ya mji. Mwaka 1875 madeni yalipombana, aliuza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa serikali ya Uingereza kwa pauni milioni 4. Waziri Mkuu Disraeli alizipata fedha hizo haraka kwa mkopo wa benki ya Rothschild. Mwaka uliofuata Waingereza na Wafaransa wakaingia kusimamia hazina ya Misri. Mwaka 1879 Ismail akaondolewa. Maafisa wa jeshi wakiongozwa na Urabi walipopinga, manowari za Kiingereza zikaipiga Alexandria kwa mizinga mwezi Julai 1882, na Septemba jeshi lao likashinda vita vya Tel el-Kebir. Kisheria Misri iliendelea kuwa chini ya Sultani wa Uturuki hadi mwaka 1914.

Zoezi la semina: wagawe wanafunzi katika makundi manne, yaani wenye hatifungani wa Paris, Baraza la Mawaziri la London, ikulu ya Khedive, na wakulima wa Misri wanaotozwa kodi. Kila kundi lieleze mwaka 1876 lingependa nini kitokee. Kundi la wakulima ndilo lenye kazi ngumu, kwa kuwa nyaraka zao ni chache, na wanafunzi watakuambia hivyo. Vizuri. Waulize uchache huo umetoka wapi.

Japani usiiache. Ilichukua Taiwan mwaka 1895 na Korea mwaka 1910, na hilo linatosha kumzuia mwanafunzi asiandike kwamba ubeberu ni tabia ya watu wa rangi moja.

Hatua ya 4: Berlin isomwe, isisimuliwe

Kila mwanafunzi anajua kwamba Mkutano wa Berlin uliigawa Afrika. Wachache sana wameuona waraka wenyewe. Chapa ukurasa mmoja tu: vifungu vya 34 na 35 vya Hati Kuu iliyotiwa saini tarehe 26 Februari 1885. Kifungu cha 34 kinamtaka anayetwaa pwani ya Afrika awaarifu wenzake. Cha 35 kinamtaka awe na mamlaka ya kutosha hapo kulinda haki zilizopo na uhuru wa biashara. Ni pwani tu. Bara halitajwi humo. Wanafunzi wautafute mstari unaochora mpaka wa Tanganyika. Hawatauona, kwa sababu haupo.

Mpaka ulichorwa kwingine, na hapa somo linanoga. Mjerumani Carl Peters alizunguka Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa mwaka 1884, akakusanya mikataba kwa wiki chache. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kufungwa, Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi kwa kampuni yake. Kisha tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zikakubaliana mstari: kuanzia mdomo wa mto Umba, kupitia Ziwa Jipe, kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, hadi Ziwa Victoria. Taveta ikabaki kwa Waingereza, mlima ukaenda kwa Wajerumani.

Sasa zitoe zile nusu karatasi za siku ya kwanza. Mjukuu wa Victoria, Wilhelm wa Pili, alipata kiti mwezi Juni 1888. Makubaliano ya mpaka ni ya mwaka 1886. Mtu ambaye hajawa Kaiser anazawadiwaje mlima na bibi yake kwa mambo ya dola? Waache wenyewe wagundue kwa kupanga tarehe, usiwatafunie. Halafu uliza swali zito zaidi: kwa nini hadithi ya zawadi imedumu? Majibu niliyowahi kuyasikia semina ni ya maana kuliko mihadhara mingi. Wapo wanaosema hadithi hiyo inapendeza kwa sababu inaonyesha ujinga wa watawala. Wapo wanaosema inawatoa kabisa watu wa mlimani kwenye picha, maana zawadi haina la kusema. Hoja hiyo ya pili ndiyo inayofungua hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Pandeni mlimani, na msiwagawe watu kuwa mashujaa na wasaliti

Hii ndiyo nyama ya kozi kwa aliye Moshi. Wajerumani walipofika hawakukuta kabila moja lenye mfalme mmoja. Walikuta Mangi wengi, yaani watawala wa Kichaga, kila mmoja na eneo lake, askari wake na maadui wake. Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, alifanya mkataba na Karl Jühlke, wakala wa kampuni ya Peters, mwaka 1885. Adui yake mkubwa alikuwa Mangi Sina wa Kibosho. Mwezi Februari 1891 kamanda wa Kijerumani von Wissmann alimshambulia Sina, na watu wa Rindi walikuwa upande wa Wajerumani. Weka swali ubaoni: Rindi alimtumikia Mjerumani, au alimtumia?

Rindi akafa mwaka huohuo, mwanawe Meli akarithi. Juni 1892 watu wa Meli walikishinda kikosi cha Luteni von Bülow, naye von Bülow akafa kwa majeraha ya vita hivyo; kwa muda Wajerumani wakaukimbia mlima. Mwaka uliofuata, Agosti 1893, Wajerumani walirudi na jeshi kubwa chini ya von Schele, Meli akashindwa. Huko Marangu, Mangi Marealle alichagua njia nyingine: alishirikiana na Wajerumani na nguvu zake zikaongezeka. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na wenzake 18, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, kwa tuhuma za kupanga uasi. Kapteni Kurt Johannes ndiye aliyekuwa akishika ngome ya Moshi. Simulizi nyingi za mlimani zinamtaja Marealle kuwa ndiye aliyezipeleka tuhuma hizo.

Hapo darasa litachemka, na lazima ujiandae. Ndani ya darasa moja unaweza kuwa na mtoto wa Marangu, mtoto wa Kibosho na mtoto wa Siha, na koo bado zinakumbuka. Kanuni yangu ni moja: hakuna kutumia neno «msaliti» mpaka umeeleza mtu huyo alikuwa na njia zipi mezani mwaka ule. Marealle hakuwa na ramani ya Tanganyika kichwani. Alikuwa na Kibosho, Moshi na askari wa kigeni waliopiga kambi. Kumwelewa hakumaanishi kumtetea. Mwanafunzi akishaandika ukurasa mzima wa njia zilizokuwepo, aandike hukumu anayotaka.

Nenda nao Old Moshi ikiwezekana. Wapitishe kwanza kwa ofisi ya mtendaji wa kijiji, barua ya chuo mkononi, wala usifike na watu sitini bila taarifa. Sanamu ya Mangi Meli ilizinduliwa hapo tarehe 2 Machi 2019. Wanafunzi wawaamkie wazee, waketi, wasikilize. Kamera na simu zibaki mfukoni mpaka ruhusa itolewe. Akijitokeza mzee wa kusimulia, mwanafunzi mmoja tu aandike na wengine wasikilize. Kundi zima likiinamia daftari, mzee huanza kuongea kama redio.

Msisahau kumtafuta Peters tena hapa. Alikuwa kamishna wa Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, akamnyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aitwaye Jagodja. Habari zilipofika bungeni Berlin mwaka 1896, Mbunge August Bebel alizifichua hadharani, na mwaka 1897 Peters akafukuzwa utumishi. Kisa hiki kinafaa kwa sababu kinaonyesha mabishano ndani ya dola lenyewe. Uliza: kumfukuza Peters kulibadilisha nini mlimani? Angalieni tarehe ya kifo cha Meli.

Hatua ya 6: Arusha, kwa miguu

Kwa chuo kilicho Arusha au Usa River, zoezi la uwanjani halihitaji basi la kukodi. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa kwenye miteremko ya Meru. Kapteni Johannes alikuja kulipiza kisasi akiwa na askari wake na wapiganaji wa Kichaga, na watu wa Meru na Arusha wakauawa, wakachomewa nyumba na kuporwa ng'ombe. Karibu mwaka 1900 likajengwa Boma la Arusha, na waliolijenga ni Waarusha na Wameru walioshurutishwa.

Boma lenyewe bado lipo, ni makumbusho, mwendo mfupi kutoka mnara wa saa kwa barabara ya Boma. Omba bei ya wanafunzi mapema kwa barua. Usimlipe mwongozaji awahutubie saa nzima. Mpe kila mwanafunzi karatasi yenye kazi nne: pima unene wa ukuta kwa viganja, tafuta upande ambao mlinzi angeona watu wakishuka Meru, andika maonyesho yanasema nini juu ya waliojenga, andika hayasemi nini. Kazi ya nne ndiyo yenye alama nyingi.

Kutoka hapo tembeeni hadi Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha na Mnara wa Mwenge. Ndani ya kilomita chache mmevuka kutoka ngome ya mwaka 1900 hadi Azimio la mwaka 1967. Mtu mwenye muda aongeze kituo cha tatu. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa Arusha kuanzia miaka ya tisini hadi Desemba 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa hapahapa. Semina juu ya Wabelgiji kuandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda miaka ya 1930 ina mahali pake hapo.

Hatua ya 7: Fedha, reli na kahawa

Wanafunzi hupenda vita na husinzia kwenye uchumi. Waamshe kwa ramani. Reli ya Usambara ilianza Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929. Mwanafunzi achore mstari huo, kisha aeleze ulikuwa unaelekea wapi: shamba hadi bandari. Halafu aongeze kipande cha Voi, Taveta na Kahe kilichojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na aeleze kwa nini jeshi lilikitaka.

Kodi ya nyumba iliwekwa kwa amri ya mwaka 1897, rupia tatu kwa nyumba ya kawaida. Asiye na rupia aliilipa kwa mazao au kwa kazi. Kodi ndiyo iliyomtoa mtu kwake kwenda shambani kwa mlowezi, na swali la tatu la ubaoni, gharama alilipa nani, linapata jibu lisilohitaji nadharia.

Ila kahawa inavuruga hadithi rahisi, na ndiyo maana naipenda. Mibuni ililetwa mlimani na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema, lakini Wachaga waliichukua wakaifanya yao. Mwaka 1925 walianzisha chama cha wakulima wenyeji, KNPA, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi wake. Walowezi hawakufurahi kushindana na mkulima mwenye vihamba vyake, yaani mashamba ya ukoo. Mwaka 1933 serikali ikasimamia kuzaliwa kwa KNCU, ushirika ambao jengo lake liko katikati ya mji wa Moshi hadi leo. Miaka minne baadaye, 1937, wakulima walifanya ghasia wakipinga kulazimishwa kuuza kahawa kupitia KNCU hiyohiyo. Je, KNCU ilikuwa silaha ya mkulima au mkono wa serikali? Semina hii ifanywe na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika wakiwepo, kama unaweza kuwaalika. Wao husoma vitabu vya hesabu za ushirika na watawabana wenzao wa historia.

Kuhusu vita vya mwaka 1914 hadi 1918 huku kwetu, pita haraka kwenye mbinu za von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, ambaye vitabu vimempamba vya kutosha. Kaa na wapagazi. Waingereza peke yao walikusanya mamia ya maelfu, na maelfu kwa makumi wakafa, wengi kwa magonjwa na njaa. Moshi kuna makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola yanayotunzwa vizuri. Mwaka 2021 tume inayoyatunza ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakupewa kaburi wala jina. Wapeleke wanafunzi wasome majina, kisha wahesabu ya Kiafrika.

Hatua ya 8: Wameru waende New York

Baada ya vita Tanganyika ilikuwa chini ya Uingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa wa zamani (League of Nations), na kuanzia mwaka 1946 chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Wanafunzi huona jambo hili kuwa la kiofisi tu. Lakini udhamini ulikuwa na mlango mmoja ambao koloni la kawaida halikuwa nao: mwananchi aliweza kupeleka malalamiko yake moja kwa moja kwenye Baraza hilo.

Mwezi Novemba 1951 serikali ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao ili ardhi iwe ya ufugaji wa walowezi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet pamoja na wakili Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza. Kwenye kamati waliungwa mkono na wengi. Kwenye kikao kikuu azimio halikufikia theluthi mbili. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini habari za kesi hiyo zilisambaa nchini, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ilikuta watu waliokwisha kujifunza njia ya kwenda New York.

Hapa fanyeni igizo la Baraza. Nyaraka za kikao zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Umoja wa Mataifa. Mpe mwanafunzi mmoja nafasi ya mjumbe wa Uingereza, na asifanywe kituko. Lazima ajenge hoja ya serikali kwa nguvu zote: magonjwa ya mifugo, mpango wa matumizi ya ardhi, fidia iliyotolewa. Atakayemjibu asiruhusiwe kutumia neno «dhuluma» mpaka amejibu hoja moja moja. Kwa kawaida igizo huchukua vipindi viwili, na hapo ndipo hata wale wa benchi la nyuma husimama kudai nafasi ya kusema.

Hatua ya 9: Nadharia zije mwisho

Wahadhiri wengi huanza na Hobson na Lenin wiki ya kwanza. Mwanafunzi asiye na matukio kichwani hukariri nadharia kama alivyokariri zile pointi. Wiki ya kumi na nne ana Misri, Meli, kahawa na Engare Nanyuki mkononi. Sasa mpe. Hobson aliandika mwaka 1902 kwamba mitaji iliyokosa pa kwenda nyumbani ndiyo iliyosukuma dola nje. Lenin aliichukua hoja hiyo wakati wa vita akaifanya hatua ya mwisho ya ubepari. Robinson na Gallagher walidai mwaka 1953 kwamba Uingereza ilipendelea ushawishi bila kutawala, na ilitawala pale tu ilipobidi. Walter Rodney, aliyefundisha Dar es Salaam, alionyesha mwaka 1972 jinsi utajiri wa kule Ulaya na umaskini wa huku Afrika ulivyo jambo moja.

Usiulize nadharia ipi ni sahihi. Uliza ipi inaeleza Misri ya mwaka 1882 na ikashindwa kueleza Kilimanjaro ya mwaka 1886, mahali ambapo hakukuwa na mtaji wa maana uliowekezwa. Rodney atawasumbua zaidi, kwa sababu wamelelewa kumkubali. Wamjibu kwa kahawa.

Hatua ya 10: Mafuvu, na namna ya kuyazungumzia

Kichwa cha Mangi Meli kinaaminika kupelekwa Ujerumani baada ya kunyongwa, na familia imekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba, kati ya zaidi ya mafuvu elfu moja yaliyochunguzwa kutoka Afrika Mashariki, vipimo vya vinasaba viliyahusisha machache na familia za huku Kilimanjaro. Moja lilikuwa la akida aliyekuwa karibu na Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana humo. Novemba mwaka huohuo Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji.

Usionyeshe picha za mafuvu ukutani. Huenda aliyekaa mstari wa tatu ni wa ukoo huo. Waambie wanafunzi wiki moja kabla kwamba mada inakuja, na asiyetaka kuwepo aruhusiwe bila kueleza sababu. Mjadala uelekezwe kwenye mambo ya kuamua: mabaki yarudi kwa nani, familia au serikali? Nani azike, na kwa ibada gani, ikiwa wajukuu ni Walutheri? Fuvu la Mkwawa lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 na likarudi mwaka 1954 tu. Lilinganisheni na hili.

Hatua ya 11: Lugha ya darasa

Mtihani ni wa Kiingereza, fikra ni za Kiswahili, na kukwepa hilo ni kujidanganya. Mihadhara itoe kwa Kiingereza kwa sababu kanuni zinataka, lakini semina waache wabishane kwa Kiswahili, kisha mwandishi wa kundi aandike muhtasari kwa Kiingereza pale pale, wenzake wakimsahihisha. Mwanafunzi aliyebishana vizuri huandika vizuri hata sarufi ikiyumba. Aliyekaa kimya kwa kuogopa Kiingereza huishia kuandika desa la mwaka jana.

Hatua ya 12: Pima bila kurudisha pointi sita

Futa maswali yote yanayoanza na «Taja» au «Jadili sababu». Badala yake mpe mwanafunzi waraka mfupi asiouona kabla, aeleze nani aliuandika, kwa ajili ya nani, na umeficha nini. Hiyo iwe nusu ya mtihani wa mwisho.

Kazi kubwa ya muhula iwe insha ya maneno 2,000 juu ya kitu kimoja kilicho ndani ya kilomita hamsini kutoka chuoni: daraja, shule ya misheni, mpaka wa shamba la mlowezi wa zamani, kaburi, kihamba. Programu za akili mnemba haziwezi kukuandikia kaburi la babu yako wa Machame, ingawa zitajaribu, tena kwa ujasiri, zikibuni tarehe na nukuu. Kwa hiyo kila insha iambatane na picha ya ukurasa wa waraka uliotumika au maandishi ya mahojiano, na kila mwanafunzi akae nawe dakika tano kuulizwa maswali mawili juu ya alichoandika. Kwa darasa la watu mia moja ni kazi ya siku nyingi. Gawaneni na wahadhiri wasaidizi, mkianza wiki ya kumi na mbili.

Kwenye kusahihisha, alama arobaini ziende kwenye ushahidi, thelathini kwenye hoja, ishirini kwenye kumwelewa mtu ambaye mwandishi hakubaliani naye, kumi kwenye lugha. Wanafunzi waipate karatasi hii ya alama mwanzoni mwa muhula, si baada ya matokeo.

Maandishi ya mahojiano yarudishwe kwa familia iliyohojiwa kabla ya insha kukabidhiwa, nayo iruhusiwe kufuta inachotaka. Nakala inayobaki iwekwe kwenye maktaba ya chuo, kwenye faili lenye jina la kijiji na mwaka, ili darasa la mwakani lianzie hapo.